Nyigu wa Bani la Goweko

Siku niliyoaga ofisini mlinipa redio, nikashukuru, kisha mkanisindikiza hadi barabarani mkisema, "Mzee, tuandikie yale ya nyigu kabla hujasahau." Kusahau sijaanza, ila mkono wangu wa kuandika ni mzito. Darasani nilifika la pili tu, nikatolewa kwenda kuchunga ng'ombe, na herufi nilirudishiwa kwenye kisomo cha watu wazima nikiwa tayari baba wa watoto wanne. Kwa hiyo mkiona sentensi imepinda, ifuateni tu, itafika.

Kazi yenyewe mnaijua, kikosi cha wadudu, idara ya afya ya mji. Panya, mbu, kunguni, mchwa na nyigu. Mshahara sitautaja, na vyeo nilipata viwili, cha pili kikanikuta nimeshachoka. Ninachotaka kueleza ni kwa nini mimi sikubali moto uingie chini ya paa, hata nibembelezwe vipi. Wengi wenu mmenicheka kwa hilo. Sasa mtajua.

Baba yangu alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magome ilitundikwa porini mwendo wa siku mbili kutoka nyumbani, na mimi nilijua kupanda mti kabla sijajua kufunga kamba ya suruali. Kwetu Unyamwezi, ukimtajia mtu mdudu anayeuma, akili yake inakwenda moja kwa moja kwenye asali, na kutoka kwenye asali inakwenda kwenye moshi. Unafunga kijinga cha magome na majani, unakiwasha, unakipuliza kitoe moshi bila kuwaka, nyuki wanalegea, wewe unavuna. Baba alifanya hivyo, na babu yake alifanya hivyo. Tulidhani Mungu aliumba wadudu wote na moshi kwa siku moja.

Uhuru ulikuwa bado mbichi nilipokuja Tabora mjini kutafuta kazi. Nyapara wa kikosi alikuwa Mzee Salumu, Mwislamu wa mjini hapo hapo, mtu wa kanzu safi hata siku ya kuua panya. Aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa nyuki?"

"Hapana, mzee. Nyuki ni kazi ya nyumbani."

"Vizuri. Anza leo."

Siku ile ile akanituma peke yangu kwa Bi Zuhura, mama aliyekaanga vitumbua nyuma ya nyumba yake. Jiko lake lilikuwa banda la miti na paa la nyasi, na kwenye boriti juu ya mlango palikuwa na nyigu. Nikawatazama kwa dharau. Hawafiki hata hamsini, na mimi nimezoea mzinga wenye maelfu. Nikafunga kijinga changu kama alivyonifundisha baba, nikakipuliza, nikakisogeza.

Nyuki akisikia moshi anakimbilia asali yake ajaze tumbo, na aliyeshiba hana hamu ya kugombana. Nyigu hana asali. Hana cha kukimbilia ila uso wako. Wa kwanza aliniuma kwenye kope, wa pili kwenye mdomo, mkono ukaruka wenyewe, kijinga kikanasa kwenye nyasi za paa. Ilikuwa kiangazi. Kabla sijamaliza kupiga kelele jiko lilikuwa limekwisha.

Bi Zuhura alitoka na sufuria yake ya unga, akasimama, akatazama majivu, akanitazama mimi na jicho langu lililovimba kama ngumi.

"Mwanangu," akasema, "asubuhi nilikuwa na nyigu na nilikuwa na jiko. Sasa sina vyote viwili."

Akarudi ndani na sufuria yake. Angenitukana ningelala usingizi.

Mzee Salumu naye hakunifukuza. Alinipeleka Jumapili nne mfululizo nikajenge jiko lile upya, yeye mwenyewe amekaa kwenye kigoda akinielekeza wapi pa kufunga. Ilipoisha ndipo akaanza kunifundisha kazi. Alinikalisha mbele ya ukuta wa ghala moja mjini, akanipa kigoda, akaondoka. Alirudi adhuhuri.

"Umeona nini?"

"Nyigu, mzee."

"Nyigu gani?"

Nikageuka kuwatazama tena. Akanikalisha mpaka alasiri.

Alinifundisha hivi, nami nawaachia kama alivyoniachia. Majina usigombanie. Huyu atasema nyigu, yule mavu, wa tatu dondora, na wote watatu wanaapa. Wewe tazama nyumba aliyojenga. Ikiwa ni ya udongo, vijibomba vimebandikwa ukutani kama mfinyanzi amejaribu akakata tamaa, mwenye nyumba ni mpweke, hana jeshi, hana hasira. Ngoja watoto wake watoboe watoke, kisha kwangua kwa kisu, paka chokaa, nenda nyumbani. Ikiwa nyumba ni kama karatasi ya kijivu, vijumba wazi vimetazama chini, vimening'inia kwa kikonyo kimoja, hao ndio wa pamoja, na hao wanalinda. Ikiwa wanaingia na kutoka kwenye tundu la ukuta na ndani kunavuma, weka sikio mbali kidogo, huenda ni nyuki, na nyuki hauawi, anatafutiwa mtu wa mizinga. Na tundu lolote usilizibe mchana. Nilimwona mwalimu mmoja amelizibia udongo kwa nje, nao wakatafuna dari wakatokea chumbani kwake. Alihamia kwa shemeji wiki mbili.

Halafu muulize mwenye nyumba, huyu mdudu amekukosea nini? Nusu ya safari zangu ziliishia kwenye swali hilo. Nyumba ya nyigu iliyo juu kabisa ya paa, mbali na mlango, haijamkosea mtu, na mvua zikija na kupita nao watahama. Iliyo juu ya mlango, juu ya choo, juu ya kitanda cha mtoto, hiyo ina kesi. Tena kama nyumbani kuna mtu aliyewahi kuumwa mara moja akavimba mwili mzima au akakosa pumzi, usisubiri hata kesho. Huyo akiumwa tena haponi kwa kupakwa kitunguu, anakimbizwa hospitali.

Na saa ya kazi ni alfajiri, kabla jua halijawapasha moto. Nyigu mwenye baridi ni kama karani siku ya Jumatatu, yupo lakini hajaanza.

Dawa tulikuwa nayo miaka ya mwanzo, ya unga, baadaye ikawa inakuja na kutokuja. Mzee Salumu ndiye aliyegundua sabuni. Povu zito la sabuni ya mche, ukimrushia nyigu likamlowesha, haruki tena. Linamziba pumzi. Tulichukua bomba la mkono la kupulizia pamba, tukalifungia mrija mrefu, na hiyo ikawa silaha yangu mpaka nilipostaafu. Mzee Salumu alifariki kabla ya watu kuhamia vijijini. Mungu amrehemu, alikufa kanzu ikiwa safi.

Sasa nifike Goweko.

Miaka ile ya kuhamia vijijini watu walikuwa wanajenga kwa haraka, na nyigu anapenda nyumba mpya isiyo na moshi kuliko sisi tunavyoipenda. Nilikuwa naazimwa vijijini huko kama ng'ombe wa kulimia. Siku moja jioni ofisini ikaja barua fupi, imetumwa mchana ule ule kwa garimoshi, kutoka kijiji kimoja cha ujamaa karibu na Goweko. Bani lao limevamiwa. Bani, kwa asiyelima tumbaku, ni nyumba ndefu kwenda juu, ya kukaushia majani kwa joto la tanuri, ndani yake fito zimepangwa ghorofa kwa ghorofa, na hapo wakati ule paa lilikuwa la nyasi. Kesho yake nikapanda garimoshi asubuhi na bomba langu na nusu mche wa sabuni, nikashuka Goweko, nikatembea. Nilifika jua limeanza kuinama.

Nikakuta haya. Bani moja, wanaume kama thelathini, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mihambo, ameshika kijinga cha magome kilichofungwa vizuri sana, hata baba yangu angekisifu. Bado hakijawashwa. Pembeni, chini ya kivuli cha turubai, majani ya tumbaku yamefungwa kwenye fito tayari, marundo kwa marundo, na Mama Kalunde, mjane aliyechaguliwa kusimamia ukaushaji, anayageuzageuza kwa mikono kama mtu mwenye mgonjwa.

"Yamekatwa jana asubuhi," akaniambia baada ya salamu. "Tulipofungua bani kuyatundika, wakatushukia. Watu sita wameumwa. Shika hapa."

Nikaingiza mkono kwenye rundo. Lilikuwa na joto.

"Kesho adhuhuri kama hayajaona tanuri," akasema, "hii ni mbolea."

Alikuwa kando yake Bwana Kondo, bwana shamba, Mzaramo kutoka pwani. Yeye akanieleza lililobaki kwa sauti ya chini. Hili lilikuwa shamba la kwanza la pamoja. Familia nyingi zilikuwa zimeacha mashamba yao ya zamani bila kupenda, na zilikuwa zimeambiana kwamba tumbaku hii ikiharibika, zinabeba mitungi na kurudi kule zilikotoka. Mama Kalunde mwenyewe alikuwa wa mwisho kuhamia. Mzee Mihambo alikuwa amekwenda kwake mara tano kumbembeleza, akampa neno lake kwamba hatajuta. Sasa mtu ametoa neno lake kwa mjane, na neno lenyewe limejaa nyigu.

Nikachungulia bani kwa mbali. Nyumba mbili za karatasi, kila moja kama sinia la pilau, zimening'inia kwenye fito za juu kabisa, chini ya nyasi kavu. Weusi, wakubwa, kiuno chembamba, miguu inaning'inia wakiruka. Nikamwambia mwenyekiti, "Alfajiri nitawatoa, kwa maji ya sabuni. Kabla jua halijapanda mtakuwa mnatundika."

"Alfajiri," akasema. "Na majani usiku huu yafanye nini, yasali?"

"Tutayatawanya yapate hewa. Yatafika."

"Bwana mdogo, wewe ni mtu wa wapi?"

Nikamtajia kwetu, nikamtajia na baba.

"Mwana wa mrina asali," akawaambia watu, "anatuletea sabuni. Sisi wadudu tunawajua. Mdudu ni moshi. Washeni."

Nikawasimulia habari ya jiko la Bi Zuhura. Niliisimulia yote, na jicho na kope. Wakacheka sana. Mzee Mihambo akacheka pia, akafuta machozi, akasema, "Wewe ulikuwa mtoto wa mjini siku hiyo. Hapa kuna watu wazima." Akaomba kiberiti.

Hapo niseme ukweli wangu. Nilitaka kuondoka. Nilijiona nikisimama tena mbele ya majivu, na safari hii si jiko la mama mmoja. Lakini miguu haikuondoka, na kumzuia sikuweza. Mimi ni mgeni, ni mdogo, na mwenyekiti ni mwenyekiti.

Aliyeondoka ni Bwana Kondo. Alitembea taratibu mpaka kwenye mlango wa bani, akavua viatu, akavipanga, akalala chali kizingitini, mikono kifuani kama maiti.

Lazima niwaeleze vijana wasiojua utani. Babu zetu walipobeba mizigo kutoka Tabora mpaka pwani, miezi kwa miezi, walipita nchi za watu, wakagombana nao, wakazikana nao, wakaishia kuwa watani. Mzaramo ni mtani wa Mnyamwezi. Anaweza kukuchukulia kuku wako, kukutukana msibani kwako, kukalia kiti chako, nawe huruhusiwi kukasirika wala kumwinulia mkono. Unaweza kumrudishia maneno tu.

"Mzaramo," akasema Mzee Mihambo, "toka mlangoni. Hapo hapadondoki nazi."

"Sitoki," akasema Kondo, macho kafumba. "Mnyamwezi akiona mdudu anatafuta asali. Akiikosa asali anatafuta kiberiti. Nichomeni na mimi."

"Toka, nyigu watakula hicho kitambi."

"Wakile. Nikifa hapa mtanibeba mabegani mpaka Uzaramo, kwa miguu, garimoshi sitaki. Babu zenu walibeba pembe za ndovu wakaimba. Ninyi mtambeba Kondo, na Kondo ni mzito kuliko pembe."

"Tutakutupa Dodoma."

"Wagogo watanirudisha, watasema ni mzigo wa Wanyamwezi."

Watu walianza kukaa chini kwa kicheko. Mmoja aliyekuwa amefunga kijinga chake naye akakiweka chini. Mzee Mihambo alisimama na kiberiti mkononi, akamtazama yule mtu aliyelala, akatazama paa. Nadhani ndipo alipoliona paa lenyewe kwa mara ya kwanza, jinsi nyasi zilivyokuwa kavu. Mtani hakumnyang'anya madaraka, alimpa tu muda wa kutazama huku akicheka. Mtu anayecheka anaweza kubadili nia bila kushindwa na mtu.

"Unataka nini uamke?" akauliza.

"Kuku mmoja. Jogoo. Na mpaka alfajiri."

"Kuku utapata," akasema mwenyekiti, akarudisha kiberiti mfukoni. Kisha akanigeukia, bila kicheko. "Alfajiri. Jua likikukuta hujamaliza, nawasha."

Tatizo likawa sabuni. Nusu mche haukutosha bani refu namna ile, na dukani, mtakumbuka hali ya miaka ile, palikuwa na viberiti na chumvi ya mawe. Mama Kalunde akaniuliza inatakiwa kiasi gani. Nikamwambia miche miwili. Akafunga kanga yake vizuri, akaingia kijijini nyumba kwa nyumba. Sijui alisema nini huko. Alirudi na ungo. Ndani yake vipande, kimoja unene wa kidole, kingine kama ukucha, kimoja cha kuogea chenye harufu ya waridi ambacho mwanamke fulani alikuwa ameficha kwa ajili ya harusi ya binti yake. Kuna mzee aliyetoa povu lililokauka alilolikwangua kwenye sahani. Waliokuwa wakisema wataondoka, nao walitoa. Nikavikatakata vyote kwenye debe la maji ya moto, nikakoroga.

Majani tuliyatawanya kwenye jua la mwisho la jioni, kisha chini ya turubai, tukaenda kulala.

Jogoo wa Kondo, aliyekuwa bado hajachinjwa, ndiye aliyetuamsha. Nilijifunga gunia kichwani lenye chandarua usoni, suruali nikaiingiza kwenye soksi, mikono nikaifunga kamba. Nikaingia peke yangu, taratibu, bila kutikisa fito, mlango nyuma yangu wazi. Hili lishikeni, hata muwe mashujaa namna gani, mjue mtatokea wapi kabla hamjaingia. Nikapanda ghorofa ya tatu ya fito. Walikuwa wamejibana juu ya vijumba vyao, mbawa zimekunjwa, wamelowa umande. Nikapuliza. Nyumba ya kwanza nzima iliingia povu, nao wakaanza kudondoka, tap, tap, kama mtama unapopukuchuliwa. Ya pili wachache waliamka. Mmoja alipita chini ya gunia akaniuma shingoni, mwingine kidoleni. Nikabana fito kwa miguu na kuendelea kupiga bomba, maana mkono ukiruka safari hii nilikuwa na mbali pa kuanguka.

Nilipozikata zile nyumba mbili kwenye vikonyo vyake na kuvipaka mafuta machafu ya gari wasije wakajenga hapo tena, mwanga ulikuwa unaingia kwa mlangoni, wa kijivu bado. Nikatoka nikavua gunia. Mzee Mihambo alikuwa amesimama nje, kiberiti hakukishika.

"Tayari," nikamwambia.

Aligeuka akapiga ukelele mmoja, na kijiji kizima kikaja na fito za majani. Mama Kalunde aliingia wa kwanza, akapanda mpaka juu kabisa, pale pale nilipotoka mimi, akanyoosha mkono apokee. Jua lilipofika utosini, bani lilikuwa limejaa na tanuri linanguruma.

Nilitakiwa kurudi siku ile, nikakaa siku sita. Nilisingizia shingo. Ukweli nilitaka kuona. Siku ya sita Mama Kalunde alifungua mlango, joto likatupiga usoni, akatoa jani moja akalinyoosha mbele ya mwenyekiti. Lilikuwa la manjano lote, safi, laini kama ngozi iliyopakwa mafuta. Akalinusa, akampa, akaenda zake kuwaita wenzake. Nikajua hakuna mtungi utakaobebwa.

Mchana huo Mzee Mihambo alinipeleka shambani, Kondo akiwa nyuma yetu na mfupa wa jogoo. Kwenye mti mmoja katikati ya tumbaku iliyobaki kulikuwa na nyumba nyingine ya nyigu, ndogo. Mwenyekiti akauliza kama hao nao niwaoshe. Mama Kalunde, aliyekuwa anapalilia hapo karibu, akanyoosha mgongo.

"Waache," akasema. "Hao nawaona kila siku. Wanabeba viwavi kwenye majani yetu wanawapeleka kwao. Upande huu hatujaokota kiwavi tangu wahamie."

Tukasimama tukatazama, na kweli. Alikuja mmoja, miguu imekumbatia kiwavi wa kijani karibu mkubwa kama yeye. Akapita karibu na sikio la mwenyekiti bila kumsalimu.

Mzee Mihambo alitoa mfukoni daftari lake la zamu za shamba la kijiji, lile aliloandikia nani kaja na nani kasingizia homa. Akalamba penseli, akaandika, polepole, akatuonyesha. Chini kabisa ya majina ya watu alikuwa ameandika: Nyigu wa mtini.

"Kila siku?" akamuuliza Mama Kalunde.

"Kila siku. Hata Jumapili."

Akaweka alama. "Basi ndio wanakijiji wangu wa kwanza wasiokosa," akasema, akamtazama Kondo, "wanamshinda hata bwana shamba."